Mteuzi wa Gemu wa Mtendeni

Ukimuuliza mwenye banda la gemu yeyote kati ya Tabora na Kaliua kama gemu fulani inafaa kununuliwa, atakuuliza kwanza, "Lugembe ameiona?" Kama Lugembe hajaiona, utaambiwa usubiri. Diski zinakuja kwa basi kutoka Urambo, zinakuja kwa treni kutoka Nguruka, zimefungwa kwenye mifuko ya unga, na zote zinaishia kwenye chumba kimoja hapa Mtendeni, Tabora mjini, kwa mtu ambaye hajawahi kumiliki banda la gemu maishani mwake.

Lugembe ni mdogo wake mume wangu. Walizaliwa Urambo kwenye nyumba ya wakulima wa tumbaku, na vifua vyao vilijua moshi wa bani, yaani kibanda cha kukaushia majani, kabla hawajajua shule. Mume wangu, Alois, aliacha kilimo kwa sababu ya kifua, sasa anauza asali sokoni. Lugembe anakaa chumba cha mbele cha nyumba yetu, kile ambacho mlango wake unatazama barabara. Mimi nauza karanga na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, barazani, karibu na mlango huo. Ninayoyaeleza hapa nimeyaona, na yale ambayo sikuyaona niliyasikia kupitia pazia.

Kwa utani wetu, shemeji wa namna ile ni mume mdogo. Kila asubuhi akitoka ananisalimu hivyo.

"Mwangaluka, mke wangu."

"Mwangaluka. Mume gani analala mpaka jua linachoma bati?"

"Mume aliyepigana vita usiku kucha."

"Umeshinda?"

"Nimekufa mara nyingi. Nipe karanga."

Basi anachukua karanga, anakaa kwenye ngazi, anatafuna huku akiangalia chini. Ni mtu wa miaka arobaini na kidogo, mwembamba, hana mke, na anaposikiliza huwa anainamisha kichwa kama kuku aliyeona punje. Hacheki ovyo. Mtu akimsifia kitu, anauliza, "Katikati yake umepaona?"

Neno hilo la katikati lilitoka kwenye kazi yake ya zamani. Lugembe alikuwa mteuzi wa tumbaku. Kwa wasiojua, siku ya soko wakulima hupanga marobota yao kwa mistari kwenye ghala la chama cha ushirika, kila mmoja akasimama nyuma ya robota lake. Mteuzi anapita. Anaingiza mkono, anachomoa jani, analinusa, analinyoosha kwenye mwanga, anataja daraja, anasogea kwenye robota la pili. Kazi ya mwaka mzima, tangu kitaluni hadi banini, inaisha kwa muda wa kumeza mate. Nimewaona wanaume wenye wajukuu wakiangalia mdomo wa mteuzi kama mgonjwa anavyomwangalia daktari. Na mteuzi hatoi sababu. Akitoa sababu kwa mmoja atazitoa kwa wote, na jua litazama marobota yakiwa bado yamelala chini.

Aliiacha kazi hiyo, na nitasema kwa nini. Alipokuja mjini alikaa kitambo bila shughuli ya maana. Mchana alikuwa akienda kukaa kwa Swaumu, jirani yetu mwenye banda la gemu. Swaumu ni mtu wa mjini hasa, ukoo wao umeshona kanzu na kofia hapa Tabora tangu enzi za misafara. Yeye aliona cherehani haimlishi, akanunua runinga mbili na mashine mbili, akafungua banda. Siku moja alikuwa analalamika kwamba kila gemu anayonunua wateja wanaipenda siku mbili tu, ya tatu hawaitaki.

"Na dukani niliijaribu mwenyewe," alisema. "Ilikuwa moto."

"Uliijaribu wapi?" Lugembe akamuuliza.

"Nimesema dukani."

"Namaanisha mwanzo wake au katikati?"

"Mtu anaanzia mwanzo, Lugembe. Wewe ukila ugali unaanzia katikati?"

"Nikiwa nanunua, ndiyo."

Akamweleza. Kila mkulima hupamba uso wa robota. Majani mazuri yenye rangi ya dhahabu yanawekwa nje, yale mabaya yanafichwa ndani, na wengine wanaongeza hata mawe ili robota lipate uzito. Ndiyo maana mteuzi hatazami uso, anaingiza mkono. Lugembe alisema watu wanaotengeneza gemu nao ni wakulima tu. Mwanzo wa gemu ndio uso wa robota, huko wameweka muziki mkubwa, milima, na mapigano ya kukutoa jasho. Ukitaka kujua kama walikuwa na kitu cha kusema, nenda katikati ya safari, pale wanapodhani mnunuzi ameshalipa na hawezi kurudi.

Ndivyo alivyoanza. Mpaka leo anacheza mwanzo wa gemu harakaharaka bila kutamka neno, kama mtu anayefungua kamba za robota. Akifika katikati ndipo anakaa vizuri. Akimaliza, anashika simu na kuwatumia wenye mabanda ujumbe wa sauti, mfupi, kwenye kundi lao. Madaraja yake ni yaleyale ya shambani. Majani ya chini ya mche ni mepesi, yanaungua upesi. Ya katikati ndiyo bora. Ya juu ni mazito na makali. Yasiyofaa ni takataka.

Nakumbuka alivyosema kuhusu mpira wa mwaka huu: "Hili ni jani la mwaka jana limenyunyiziwa maji. Majina ya wachezaji yamebadilika, miguu ni ileile. Lakini banda lisilo na mpira ni nyumba isiyo na chumvi, kwa hiyo nunueni, ila msimwambie mtu kwamba ni mpya." Kuhusu gemu moja ya vita iliyokuwa inasifiwa kila mahali alisema, "Jani la chini. Linawaka vizuri, halina moshi, limeisha." Mwenye banda mmoja wa Urambo alikasirika kwa sababu alikuwa ameshainunua. Akatuma ujumbe wa kumtukana. Lugembe akaujibu, "Robota likishapimwa halirudi shambani. Pole, kaka."

Mimi gemu nilikuwa naziogopa, sifichi. Nina watoto, na nimeona vijana wakitoka kwenye mabanda macho mekundu kama wametoka banini. Kila diski ikija nilikuwa nauliza, "Ina damu hiyo?" Naye alikuwa ananijibu kwa heshima, ina damu au haina, na kama inayo ni ya nini. Siku moja aliniambia, "Shemeji, damu siyo tatizo. Tatizo ni gemu inayokufanya uue watu kwa sababu imekosa kingine cha kukupa."

Sasa mwanangu. Anton ndiye kifungua mimba wangu. Shamba la Urambo alilichukua yeye baba yake alipoacha, na msimu huu uliopita Mungu alimjalia. Lakini alirudi nyumbani akasema habari ya bani imetosha. Alitaka kufungua banda la gemu Kaliua. Alikuwa ameshapata chumba karibu na stesheni, pale ambapo abiria wa Mpanda wanasubiri treni, wakati mwingine nusu siku. Wazo halikuwa baya. Abasi, muuza vifaa vilivyotumika karibu na soko kuu, alikuwa na mashine na mfuko mkubwa wa diski, vitu vya mtu aliyehama mji. Akampa Anton mfuko akauangalie mpaka Jumamosi, mashine ikabaki dukani. Akishalipa, hakuna kurudisha.

Nilijua vizuri maana yake. Jasho lote la msimu lingeingia kwenye mfuko ule. Banda likifa, Anton angerudi Urambo mikono mitupu, bila mbolea, alikodishe shamba, akaanze kumlimia mtu mwingine shamba ambalo jana lilikuwa lake.

Anton akamwendea baba yake mdogo, nikiwa hapohapo barazani.

"Baba mdogo, shikamoo. Niangalizie hizi kabla sijalipa."

"Marahaba. Siangalii za ndugu."

"Za Swaumu unaangalia."

"Swaumu siyo ndugu. Swaumu ni msiba wangu."

"Nimekusikia," Swaumu alisema kutoka mlangoni kwake.

"Za watu wa Nguruka ambao hujawahi kuwaona unaangalia," Anton akasema.

"Hao ndio hasa."

"Kwa hiyo mimi nikanunue kipofu?"

Lugembe akainamisha kichwa chake. "Mtafute mwingine, mwanangu," alisema, akaingia ndani na kuvuta pazia.

Anton alidhani ni roho mbaya. Mimi nilijua sababu, kwa kuwa Lugembe alinieleza mwaka ule alipohamia kwetu.

Kwenye masoko ya tumbaku kuna kanuni ambayo haihitaji kuandikwa. Robota la ndugu yako likifika mbele yako, unasogea pembeni, mteuzi mwenzako analichukua. Msimu mmoja mwenzake alikuwa anaumwa, na marobota ya Alois yakafika mbele ya Lugembe, ghala limejaa watu, wote kimya, wanaangalia atafanya nini. Akaingiza mkono. "Shemeji," aliniambia, "mkono uliona daraja moja, mdomo ukataja la chini yake." Hakutaka iende habari kwamba anambeba kaka yake. Watu wakamsifu, kwamba mteuzi huyu hana upendeleo. Alois akafunga kamba zake bila neno. Msimu ulipoisha Lugembe akaacha kazi. Kati ya ndugu wale wawili jambo hilo halikuzungumzwa tena, na wanakula sahani moja kila siku.

Kwa hiyo haikuwa kwamba Lugembe anaogopa kumpendelea Anton. Alikuwa anaogopa kumshushia daraja.

Siku ile sikutulia. Jioni nikaenda kwa Swaumu, nikamwomba apeleke mfuko wa Anton kwa Lugembe kama mali yake.

"Mama Anton, unataka nimdanganye?"

"Sitaki umdanganye. Nataka asijue."

"Huko kwenu Urambo hayo ni mambo mawili?"

"Swaumu, ni mtoto wangu."

Akaniangalia. Kisha akasema, "Lete. Nitachanganya na zangu mbili juu. Lakini akinifukuza, wewe ndiye utakayecheza kwenye banda langu wateja waone mtu mzima anavyopigwa."

Mfuko ukaingia kwa Lugembe kwa jina la Swaumu. Siku zilizofuata niliuza karanga huku sikio langu likiwa ndani ya pazia. Nilisikia magari. Nilisikia mlango unaolia kama wa nyumba iliyohamwa, na pumzi za mtu anayeogopa. Siku moja nikasikia majogoo na trekta, nikadhani ametoka kwenda kijijini. Kisha zikaja siku mbili ambazo sikusikia kitu isipokuwa upepo, na mara chache kengele, ikilia mara moja kwa mbali. Siku hizo mbili hakutoka kuchukua karanga. Nilimpelekea chai, nikamkuta ameshika ile pedi ya kuchezea kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Kwenye runinga mtu alikuwa anatembea kwenye nchi kavu, amebeba kengele kubwa mgongoni, akiinama kwa uzito. Hakukuwa na adui. Hakukuwa na damu, sikuhitaji hata kuuliza. Nikakumbuka hadithi za kwetu za mababu waliobeba pembe za ndovu na mizigo ya wengine kutoka hapa mpaka pwani.

"Anaipeleka wapi?" nikauliza.

"Kwao," Lugembe alisema. "Ilichukuliwa."

Nikaweka chai, nikatoka.

Ijumaa mchana akamwita Swaumu aje kusikia. Ana desturi ya kuzipanga diski kwenye mkeka kwa mstari, na mwenye mali anasimama nyuma ya mstari, kama ghalani. Anton alikuwa na mimi barazani, anamenya karanga. Nilimwambia asitie neno. Pazia lilikuwa limeshuka.

Zile mbili za Swaumu alizimaliza upesi. Akaja kwenye za mfuko.

"Magari," alisema. "Uso mzuri sana. Katikati mawe. Unashindana mbio ileile mara kumi upate gari ambalo ulishalionyeshwa siku ya kwanza. Takataka."

Anton akaacha kumenya.

"Hospitali ya mizimu. Imeanza vizuri, nilikaa nimekunja miguu. Katikati wameishiwa. Wanakutisha kwa mlango uleule. Takataka."

"Hiyo bei yake siyo mchezo," Swaumu alisema. Siku ile nilimheshimu, alizitetea diski za Anton kama zake.

"Shamba. Trekta haliharibiki, mnunuzi hachelewi, panya hawajui njia ya ghala. Nimelima pale nikapumzika moyo, sitakuongopea. Jani la chini, jepesi, tamu. Lakini mtu wa Kaliua ametoka kupalilia tangu alfajiri, umkalishe alime tena na akulipe?"

"Kaliua imetoka wapi?" Swaumu akauliza haraka. "Mimi niko Mtendeni."

"Popote," Lugembe alisema. Akaendelea. "Ngumi, ya watu wawili. Jani la katikati. Wawili wanakaa, mmoja anaondoka ananung'unika, atarudi. Chukua. Mieleka. Jani la juu, zito, kavu, linakwaruza koo, mwanzo mpaka mwisho sauti moja. Siipendi. Chukua."

Zikafuata nyingine, karibu zote za kuchezwa na mtu mmoja, zile ndefu za hadithi, na karibu zote akazitupa, au akasema ni nzuri lakini siyo za banda. Kila alipotamka, mabega ya Anton yalishuka kidogo. Anton alikuwa amezichagua zile kwa kupenda, alikuwa ameshazicheza mjini kwa marafiki na anazijua majina. Mwisho ikabaki moja.

"Kengele," Lugembe alisema. "Daraja la kwanza. Sijawahi kushika jani kama hili. Unalikunja halikatiki. Usinunue."

Anton akasimama. Nilimshika shati, shati likanitoka mkononi. Akafungua pazia.

"Daraja la kwanza halafu nisinunue? Ndiyo utani gani huo?"

Lugembe hakushtuka. "Kaa chini, Anton," alisema.

"Ulijua ni zangu?"

"Swaumu tangu nimjue hajawahi kununua gemu ya mtu mmoja. Yeye anataka kelele."

"Kweli," Swaumu alisema. "Banda likiwa kimya nadhani umeme umekatika."

Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni. "Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Shemeji."

"Ulijua lini, Lugembe?"

"Nilipocheza ya pili kwenye mfuko," alisema.

Ya pili. Maana yake hukumu zote zile alizitoa akijua anampangia mtoto wa kaka yake, mbele ya Swaumu, akijua Swaumu atazisema mtaa mzima. Nikasema neno ambalo halikuwahi kusemwa katika nyumba ile.

"Basi umeyashusha madaraja. Kama ulivyoyashusha ya Alois."

Alois alikuwa amerudi kutoka sokoni, ndoo ya asali iko miguuni pake. Sikuwa nimemwona. Lugembe alikuwa amemwona, kwa sababu uso wake ulikuwa umeelekea barazani, juu ya bega langu.

Mume wangu siyo msemaji. Aliiweka ndoo kivulini kwanza.

"Nani kasema yalishushwa?" aliuliza.

"Mimi," Lugembe alisema. "Mimi nilimwambia."

"Mwaka ule mvua iliingia banini kwa juu," Alois alisema. "Majani mengi yalishika unyevu. Yale makavu niliyapanga nje. Yenye unyevu niliyaweka katikati, chini kabisa, mkono usifike. Daraja ulilotaja ndilo lilikuwa lake. Pengine hata hilo lilikuwa la upendeleo."

"Mkono wangu haukuona unyevu," Lugembe alisema.

"Haukuona."

"Kwa hiyo nilisema kweli kwa kuogopa watu."

"Ulisema kweli. Sababu yako siijui."

"Miaka yote hii, kaka. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilikuwa nakuibia mbele ya watu, na wewe ndiye uliyeona aibu?"

Swaumu, ambaye hajui kunyamaza, alianza kuokota maganda ya karanga sakafuni, na maganda yale yalikuwa yangu.

Nilidhani hapo ingekuwa heri, kwamba tumepata jibu. Lakini nilipofikiri niliona hatujapata. Lugembe aliotea kweli akiwa anaogopa. Hilo halikuniambia kama leo ameotea au ameona. Na Abasi alikuwa anasubiri Jumamosi. Anton naye nadhani alifika palepale, kwa sababu alikaa kwenye mkeka, akavuta mstari wa diski kuelekea upande wake, akasema:

"Baba mdogo, daraja sitaki. Nionyeshe."

Nilimwona Lugembe akishindwa. Mteuzi hatoi sababu, nimeshasema. Sababu ni kitu ambacho mkulima anaweza kukigeuza mkononi na kukukatalia. Kisha akaiweka ile ya kengele kwenye mashine yake, akaifungua pale alipokuwa ameishia, akampa Anton pedi.

"Wewe ni abiria wa Mpanda," alisema. "Treni imechelewa. Una hela ya kucheza muda mfupi. Cheza."

Anton akacheza. Tulisimama wote tukaangalia, Alois naye. Yule mtu akatembea na kengele yake. Upepo ukavuma. Akafika kwenye kilima, akapumzika, akaishusha kengele taratibu isilie, akainyanyua tena. Mbali ikaonekana miti, pengine kuna kisima. Ilikuwa nzuri kuangalia, nilitaka kujua kama atafika. Anton alikuwa anaelekea kwenye miti ile, shingo imenyooka, amesahau kwamba tupo.

"Muda umeisha," Lugembe alisema.

"Sijafika."

"Najua. Mpe pedi anayefuata."

Anton hakuiachia. "Atakayefuata ataendelea nilipoishia."

"Atamkuta mtu kachoka katikati ya jangwa, hajui katoka wapi na kwa nini amebeba kengele. Atauliza mpira uko wapi. Na wewe utapanda treni ya Mpanda hujui kama alifika. Gemu hii inamtaka mtu mmoja, na inamtaka yote. Ukiikatakata inageuka mtu anayetembea tu. Siyo kwamba haifai kwa banda. Banda ndilo halifai kwayo."

Anton akaangalia runinga. Yule mtu alikuwa amesimama anasubiri, nguo zake zinapepea.

"Na ile ya hospitali?" akauliza baadaye.

Wakaifungua. Lugembe akamwonyesha mlango, akamwonyesha unavyorudi, na Anton akabisha, akasema mlango wa tatu una sababu yake katika hadithi. Lugembe akaufungua tena, akatazama, akasema, "Huo nilikosea. Miwili iliyobaki sikukosea." Wakabishana kuhusu magari. Wakabishana kuhusu zote, moja baada ya moja, Anton akikataa na Lugembe akifungua na kuonyesha, mpaka nikaenda kupika, na nilipoleta ugali walikuwa bado wanabishana. Alois alikuwa amepewa pedi ya gemu ya shamba, anapanda kitu ambacho hakukijua jina.

Jumamosi Anton alirudi kwa Abasi, nami nikafuatana naye. Alichukua mashine, na mpira, na ngumi, na mieleka, na nyingine mbili walizokubaliana. Zilizobaki akazirudisha. Abasi alizihesabu, akainua ile ya kengele.

"Hii nayo? Hii watu wanaisifu, bwana mdogo."

"Ni daraja la kwanza," Anton alisema. "Muuzie mtu atakayeimaliza."

Sasa yuko Kaliua, na banda limefunguliwa. Mimi bado nina wasiwasi, kwa sababu mvua zikikawia watu wanakosa hela za kucheza, na stesheni ina watu wa kila namna. Jumapili aliyofungua alinipigia simu. Nilimuuliza kama amekula, na kama mlango una kufuli la uhakika. Akasema amekula, kufuli lipo, na chumba kimejaa mpaka wengine wamesimama dirishani. Lugembe alikuwa kwenye ngazi na karanga zake. Akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Wanacheza ipi?" aliuliza.

Nilisikia sauti ya mwanangu kwenye simu, na nyuma yake watu wanapiga kelele.

"Mieleka."

"Siku nzima?"

"Siku nzima, baba mdogo. Hawataki nyingine. Kuna mzee mmoja amekosa treni."

"Nilijua," Lugembe alisema. Alinirudishia simu, akabaki anaangalia barabara, wala hakuonekana kama mtu aliyefurahi kwamba alijua. Baada ya kitambo aliniuliza kama nimesikia Abasi ameshamuuzia nani ile ya kengele. Nikamwambia sijasikia.